Sentensi Tatu Zilizoruhusiwa

Jumatatu, 10 Machi 2014

Nimerudi kutoka kambi ya wafungwa, kisiwani. Miguu imevimba, nywele zimejaa chumvi, na orodha yangu ya dukani imekuwa siri ya serikali.

Ndiyo, orodha ya dukani. Ilikuwa hivi. Tumekaa watatu tangu saa tatu asubuhi, mimi, wakili Lowell na Yeslam, meza katikati, mguu wa Yeslam umefungwa kwa mnyororo sakafuni kama kawaida. Yeye anasema Kiarabu, mimi nasema Kiingereza, Lowell anaandika. Na mimi naandika pia, maana Lowell akiandika majina ya kwetu yanatoka ya watu wengine kabisa. Askari akachelewa kuleta maji. Nikageuza karatasi nikaandika nyuma yake: sabuni ya unga, vitunguu, dawa ya presha, betri za rimoti. Mazoea tu. Nisipoandika nasahau. Kumbe nimeandika nyuma ya maneno ya mfungwa! Na neno la mfungwa ni siri tangu linapomtoka mdomoni mpaka wakaguzi waseme si siri. Akisema ana kiu, ni siri. Akipiga chafya, sijui, nitauliza.

Jioni karatasi zote zikaingia kwenye bahasha. Gundi, mhuri, saini tatu, askari akaondoka nayo. Nikamnong'oneza Lowell kwamba orodha yangu imo humo. Akasema basi tena, Thuraya, vitunguu vyako vinapanda ndege ya serikali. Akacheka mpaka askari akageuka.

Miaka sita sasa namtafsiria huyu Yeslam. Kijana wa mji wa Mukalla, fundi wa kupaka nyumba chokaa. Kijana nasema mimi, ana arobaini na mbili. Miaka kumi na mbili ndani, na hajasomewa shitaka hata moja. Safari hii alinieleza habari za mkono wake wa kulia. Niliyoyasikia siandiki hapa. Yamo kwenye bahasha, na mimi nimekula kiapo. Nitaandika hili tu, maana hili ni langu: nilipokuwa natafsiri sauti ilinikatika mara mbili, na Yeslam akaniambia pole. Yeye akaniambia mimi.

Mwanangu Hanan kauliza, mama, mbona hujaleta sabuni? Nikamwambia ni mambo ya usalama wa taifa.


Alhamisi, 20 Machi 2014

Bahasha imefika. Nimeitwa Chumbani.

Chumba, ambamo karatasi za siri husomwa na hazitoki, kiko ghorofa ya nne, jengo la matofali mekundu hapa hapa Virginia, ghorofa ya chini yupo daktari wa meno. Simu unaiacha nje kwenye kisanduku. Dirisha hakuna. Msimamizi ni Delbert, mzee mpole, mwanajeshi mstaafu, analima nyanya kwake na kuwagawia watu wa jengo zima, hata wagonjwa wa meno ambao hawawezi kutafuna.

Nimesoma maandishi yangu mwenyewe, kwa mwandiko wangu mwenyewe, Delbert akiwa amesimama mlangoni nisije nikayaiba. Nikageuza ile karatasi. SIRI. Mhuri mwekundu umekaa sawasawa juu ya vitunguu.

Nikasema, Delbert, hivi ni vitunguu. Akasema anaona. Akasema ni upande wa pili ndio unaoufanya upande huu uwe siri, na yeye hana mamlaka ya kuchana karatasi. Nikamwambia bahati mbaya vitu vyote nimeshavinunua, kwa kukumbuka. Akainua mkono: "Usiniambie, Bi Thuraya. Nikijua, itabidi nijaze fomu."

Nikatoka na nyanya nne.

Kazi yenyewe: Lowell ameandika sentensi tano ambazo Yeslam anataka mama yake azijue. Zimekwenda kwa wakaguzi. Siziandiki mpaka zirudi, na kurudi ni bahati. Mwaka juzi tulisubiri miezi minne kwa sentensi isemayo "nawasalimu wote". Wakaguzi walitaka kujua hao wote ni akina nani.


Jumanne, 25 Machi 2014

Zimerudi! Siku tano tu. Lowell anasema labda kuna mtu kule ameugua.

Tatu zimepita, mbili zimepakwa wino mweusi. Hizo tatu sasa ni halali, naweza kuzitundika hata ukutani. Ni hizi:

Daktari wa mifupa atafika kambini Jumatatu, tarehe 14 Aprili. Anataka kumpasua Yeslam kifundo cha mkono wa kulia na kukifunga kwa chuma, kisikunjike tena, maumivu yaishe.

Yeslam hatatia saini mpaka apate neno la mama yake.

Mkono aliuumiza akicheza mpira kambini.

Zile mbili nyeusi, zilisema nini sisemi. Nasema tu kwamba hii ya mpira ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Yeslam aliitoa mwenyewe. Alisema kama yale mengine hayapiti, mwambieni mama hivi, asihangaike.

Lowell akaisoma ile sentensi ya mpira mara tatu. Akafungua mdomo. Akaangalia dari. Akafunga mdomo. Mrefu kama alivyo, masikio yalimwiva mekundu mpaka nikamwonea huruma. Akasema wakaguzi ni watu wa ajabu sana, akaenda kunywa maji.

Nikamuuliza Delbert, kwa jumla tu, bila kugusa sentensi yoyote: huwa wanaamuaje? Na yeye akanijibu kwa jumla. Kwamba siri lazima kwanza iwe kweli. Kitu ambacho hakikutokea hakiwezi kuwa siri, sasa wakizuie kwa nini?

Alinieleza kwa upole, kama mtu anavyokuelekeza kituo cha basi. Nimekaa na maneno hayo njia nzima mpaka nyumbani, nikapitiliza kona yangu.


Jumamosi, 29 Machi 2014

Leo nimempigia Bi Muzna, mama yake Yeslam, kumsomea sentensi zake tatu. Huwa nampigia Jumamosi asubuhi, saa mbili kwetu, saa tisa alasiri kwao Mukalla. Mara nyingi dakika kumi zinatosha: salamu, ujumbe, kilio kidogo, kwaheri. Leo saa nzima. Naandika yote kabla hayajanitoka, maana haya si ya mfungwa, ni ya mama, na mama yuko huru.

Bi Muzna ana miaka sabini na minne. Kazi yake kuunga mifupa. Mama yake alikuwa anaunga mifupa, na bibi yake pia. Mukalla nzima ukianguka kwenye ngazi unapelekwa kwake kwanza, hospitali baadaye, na hospitali wenyewe wanakuuliza Bi Muzna kasemaje.

Nikasoma ya kwanza. Nikasoma ya pili. Akasema mwanangu huyo, bado ananiomba ruhusa. Nikasoma ya tatu.

"Mpira?"

Ndiyo, mama.

"Yeslam?"

Ndiyo.

Akacheka. Akacheka kweli, mpaka akakohoa. "Huyo akiona mpira unakuja alikuwa anaupisha njia. Kaanza kucheza uzeeni, tena mguu umefungwa?"

Nilikuwa na sentensi tatu na zote nimezimaliza.

Ndipo akaniambia. Januari alikwenda Sanaa kwenye ofisi ya Msalaba Mwekundu kuongea na Yeslam kwa video, kwenye kioo cha kompyuta. Kutwa nzima ndani ya basi, miguu imevimba, wamempa saa moja. "Wazazi wenzangu walikuwa wanalia. Mimi nililia baadaye. Nilikuwa namwangalia mkono. Kajikuna ndevu kwa kushoto. Bega la kulia limeshuka. Kidole kidogo na cha pete vimejikunja, havifunguki. Mtu akianguka na kujikinga kwa kiganja anavunjika hapa." Hapa ni wapi sikuona, ilikuwa simu, lakini najua alikuwa anajigusa. "Mwanangu hakuanguka. Mwanangu alitundikwa kwa mikono, tena si siku moja, na mkono ukazungushwa akiwa juu. Wala si huko kambini. Mfupa ulioungana hivyo una miaka kumi na zaidi. Ni kule walikompeleka mwanzo, kabla hatujajua kama yu hai."

Kule mwanzo! Serikali inasema hakuna kule mwanzo. Kwenye makaratasi yote niliyowahi kuyaona, Yeslam alikamatwa, halafu pana nafasi nyeusi, halafu yuko kisiwani.

"Thuraya, upo?"

Nipo, mama.

"Nimesema kweli?"

Nikamwambia, mama, mimi nina ruhusa ya sentensi tatu.

"Na hii haimo."

Haimo.

"Haya. Basi sikiliza na wewe." Na hapa sauti yake ikabadilika, ikawa ya kazi. Kama ni mpira, akasema, mfupa umevunjika tu. Wakate, wafunge chuma, ridhaa yake anaitoa leo leo. Lakini kama alitundikwa, ubaya hauko kwenye mfupa, uko kwenye mishipa, kuanzia begani mpaka vidoleni. Wakikifunga kifundo kwa chuma, na kile kilichobaki cha mkono kitakufa. Hatashika tena mwiko wa chokaa wala kijiko. Huyo anatakiwa kukandwa na kunyooshwa kidogo kidogo, kila siku, mwaka mzima, na yeye Bi Muzna atamfundisha namna kwa barua.

"Lakini siwezi kumkataza daktari kwa kubahatisha. Nimemwona saa moja, kwenye kioo. Nikikosea, mwanangu atakaa na maumivu maisha yake yote kwa ubishi wa mama yake. Sitaki unieleze habari ndefu. Niambie tu, mpira au si mpira."

Nikasema, mama, siwezi.

Akavuta pumzi. Akauliza, bila hasira, kama anayeuliza bei ya kitambaa: "Hivi serikali yenu kubwa hiyo, yenye meli na madege, inaogopa kifundo cha mkono?"

Nikamwambia nitauliza ruhusa. Akasema uliza, mwanangu, tarehe kumi na nne si mbali.


Jumapili, 30 Machi 2014

Nimeunguza mkate. Hanan kala upande usioungua, akasema mama una nini. Nikasema sina kitu. Hakuniamini. Mtoto huyu kamrithi baba yake.


Jumatatu, 31 Machi 2014

Siku ya vichekesho, na hakuna aliyecheka.

Nimemwambia Lowell kwamba Bi Muzna amesema jambo kuhusu mkono. Nikafungua mdomo nilieleze. Wakili mzima, miaka hamsini na tisa, akaziba masikio kwa viganja viwili. Akasema tuko mgahawani, Thuraya, twende Chumbani. Tukaacha supu.

Chumbani nikamwambia Delbert: mama wa mfungwa, ambaye hajui kusoma, hana kibali, hajawahi kuona karatasi yetu hata moja, amesema kitu kuhusu mkono wa mwanawe. Je, ni siri?

Delbert akavua miwani. Akasema inategemea. Kama alichosema si kweli, ni porojo za mama, niko huru kuzirudia popote, hata kwenye basi. Kama ni kweli, basi ni siri, na mimi nimesikia siri ikivuja kwenye simu ya kawaida, na lazima niripoti.

Nikasema, Delbert, sasa nikiripoti si nitakuwa nimesema kwamba ni kweli?

Akafikiri. Akasema ndiyo.

Na nisiporipoti, si nitakuwa nimesema kwamba si kweli?

Akafikiri tena, muda mrefu zaidi. Akasema afadhali asiwe amenisikia. Kisha roho ikamsuta, akatoa fomu, akaiweka mezani, ukurasa wa kwanza juu. Ina sehemu ya kuandika chanzo cha uvujaji, na njia aliyoitumia kuipata siri. Lowell akaichukua kalamu, akajaza kwa mzaha: chanzo, bibi wa miaka sabini na minne. Njia, macho. Delbert akaichana ile fomu vipande vidogo, akavitia kwenye mashine ya kusaga karatasi, kisha akafungua mashine kuhakikisha.

Lowell akaandika ombi rasmi pale pale. Tunaomba kumjibu mama swali moja, ndiyo au hapana. Likaenda kwa wakaguzi.


Alhamisi, 3 Aprili 2014

Ombi limekataliwa. Sababu nayo imepakwa wino.

Lowell amemwandikia hakimu. Karani wa hakimu kasema jambo ni zito na litasikilizwa Juni. Juni! Lowell kasema mkono unapasuliwa Aprili. Karani kasema atalizingatia hilo.

Lowell ameomba pia ripoti ya daktari wa mifupa, kwa haki ya mgonjwa. Imekuja haraka, kurasa kumi na mbili, nyeusi tupu toka juu mpaka chini, kama mtu alimwaga chupa. Tumetafuta kwa zamu, mimi na yeye, kama watu wanaochambua mchele. Ukurasa wa saba kuna neno moja wamelisahau: "mwanamume". Basi tumepata kujua kwamba Yeslam ni mwanamume. Lowell kasema tumpigie mama yake, atafurahi.

Jioni nimemwambia Hanan, si yote, kidogo tu, kwamba kuna mama ananiuliza jambo na sina ruhusa ya kumjibu. Hakunipa hata nafasi ya kumaliza. Mama, mwambie tu. Atajua nani? Nikamwambia simu zile zinasikilizwa. Nilikula kiapo mkono juu, kuna kifungo. Na kama si kifungo, nitanyang'anywa kibali, na Yeslam atakaa mwaka mwingine, au miwili, bila mtu wa kuzungumza naye anayejua Mukalla iko wapi. Kiungo chake na dunia ni mimi na Lowell, basi.

Akasema, kwa hiyo unamlinda yeye au unajilinda wewe?

Nilimfukuza mezani, mtu mzima wa miaka ishirini na sita. Kisha nikamwita arudi amalize chai yake.

Naogopa. Ndiyo jibu, na sikumpa. Naogopa sana, na ninajionea aibu kwa sababu ninachokiogopa mimi ni kidogo ukikipima na kilichompata yule.


Jumanne, 8 Aprili 2014

Barua ya Yeslam imefika Chumbani. Mistari kumi na tano, kumi na minne nyeusi. Uliobaki unasema: "Mama amesemaje?"

Mwandiko umelala upande. Wa mkono wa kushoto.

Delbert aliniletea maji bila kuombwa. Nilipokuwa natoka akaniambia leo hana nyanya, baridi imeua miche. Nikamwambia pole. Akasema si kitu, Bi Thuraya, atapanda tena.


Ijumaa, 11 Aprili 2014

Lowell anaruka Jumapili saa saba mchana. Mimi safari hii siendi, kiti cha mtafsiri wamempa mtu wa serikali, ati ni dharura, hawakueleza zaidi. Lowell ameruhusiwa kupeleka neno la mama, kwa sharti liwe neno moja: ndiyo au hapana. Hilo wakaguzi wamelipitisha mapema, kwa sababu, wanasema, ridhaa ya mama haina taarifa yoyote ndani yake.

Akaniambia, niletee neno lake kesho, Thuraya. Hakuniuliza nitalipataje. Akaanza kunieleza habari za hali ya hewa, kwao Minnesota bado ziwa limeganda. Lowell akizungumza ziwa ujue ana jambo jingine kifuani.

Nikamwambia, kama atasema ndiyo kwa sababu ya sentensi ya mpira, je?

Akasema sentensi ya mpira imeidhinishwa kisheria. Akalisema hilo neno "kisheria" taratibu, huku anaangalia viatu vyake. Kisha akasema yeye ni wakili wa Yeslam miaka tisa na hajawahi kuona aibu kama wiki hii.

Nilimtengenezea chai na maziwa na iliki, akainywa yote, na yeye hapendi iliki.


Jumamosi, 12 Aprili 2014

Saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi. Simu iko wazi mezani, spika nimefungua. Bi Muzna kaiweka chini, kaenda kuswali alasiri. Nasikia maji ya udhu, nasikia kuku wake. Nina dakika kama kumi. Naandika haraka.

Nilimpigia saa mbili kamili. Akapokea mlio wa kwanza, alikuwa amekaa karibu nayo. Hakuniuliza habari za Hanan kama siku zote. "Umepata ruhusa?"

Hapana, mama. Wamekataa.

"Nilijua. Na mimi nimefikiri wiki mbili."

Akasema ameshajua mimi ni mtu wa namna gani. Mtu wa kiapo. Hanilaumu, na yeye ana kiapo chake, hajawahi kumwambia mtu mfupa wake utapona kama anajua hautapona, hata akililiwa. Kwa hiyo hataniuliza tena mpira au si mpira. Hataki nipoteze kazi, wala hataki mwanawe abaki na watu wasiomjua.

Nikashusha pumzi. Nilishusha mapema mno.

"Ile sentensi ya tatu," akasema. "Ile ya mpira. Hiyo unayo ruhusa ya kunisomea?"

Ninayo, mama.

"Hata mara ya pili?"

Hata mara mia.

"Vizuri. Adhana hiyo inaita, naenda kuswali. Nikirudi, unisomee hiyo hiyo tena. Usiongeze neno, usipunguze. Mara ya kwanza uliisoma ukiwa hujui nitaifanyia nini. Sasa unajua. Ukiisoma, nitakuamini wewe, Thuraya, si serikali yako. Nitasema ndiyo, wakate, na sitakuja kukulaumu kamwe, duniani wala akhera."

Nikauliza, na nisipoisoma?

"Mimi sijasema habari za usipoisoma," akasema. "Hizo hazina ruhusa." Na akacheka kidogo, bibi huyu, akaiweka simu chini.

Basi ndiyo hapa nilipo. Karatasi ninayo mbele yangu, ina mhuri wa kuruhusiwa, na saini. Sentensi ni fupi, naweza kuisoma kwa pumzi moja. Hakuna kifungo kwa kuisoma. Hakuna fomu. Ni kitu pekee katika kesi hii yote ambacho nina ruhusa ya kukisema kwa sauti, mchana kweupe, simu inayosikilizwa. Na wanaosikiliza, kama wapo, wana sentensi hiyo hiyo mbele yao, wanangoja niisome.

Nimejaribu kuinong'ona. Mkono aliuumiza. Nimefika hapo.

Hanan kapita na kikombe, kaniona, kakaa kwenye ngazi. Na yeye anangoja.

Saa mbili na ishirini na tatu. Kuku wamenyamaza. Nasikia mlango, ndala zake, kiti.

"Thuraya, upo?"

Nipo, mama.

"Mungu apokee. Haya, nisomee."

Nimeishika karatasi. Miwani ninayo, mwanga upo, mwandiko wa mashine, herufi kubwa. Naandika ili mkono uwe na kazi. Anangoja. Hakohoi, haniharakishi. Dakika moja sasa kwenye saa ya jiko. Hanan kaweka kikombe chini. Dakika moja na nusu. Nasikia mtu anapumua na sijui ni yeye au ni mimi au ni yule mwingine anayetusikiliza. Mbili.

"Nakusikia, mwanangu," Bi Muzna anasema. "Endelea hivyo hivyo."